Mapezi ya Mpingo

Saa moja na dakika arobaini asubuhi injini iliwaka. Saa moja na dakika arobaini na moja Meneja Gaudensi alikuwa majini, kichwa chini, miguu juu imefungwa kwenye ubao. Ndivyo kazi yangu ya winchi ilivyoanza. Ninyi mnaoishika winchi ile leo mmeniomba niandike niliyoyaona, nami nitaandika kwa utaratibu: kilichotokea, nani alisema nini, nani alikuwa amesimama wapi. Vyeo na mshahara nitaviruka. Vyote viwili vilikuwa vidogo, na sina sababu ya kuvikuza kwenye karatasi.

Kwa asiyewahi kufika: bwawa letu liko kati ya Nachingwea na Ruangwa, lilichimbwa enzi za mashamba makubwa ya karanga, jembamba, na urefu wake unazidi kidogo viwanja viwili vya mpira. Masika linajaa hadi kwenye nyasi. Ikifika Oktoba maji yanashuka na visiki vya miti iliyozamishwa vinaanza kuchungulia. Tajiri mmoja wa korosho anayeishi Dar alijenga vibanda sita pembeni, akanunua vifaa vya mjiolojia wa kigeni aliyekuwa amemaliza mkataba wake: mbao mbili za kutelezea majini. Mtu anafunga miguu kwenye ubao, anashika mpini wa kamba, kamba inamvuta mpaka ubao unapanda juu ya maji na yeye anasimama. Kwao kamba hiyo inavutwa na boti. Bwawa letu halina nafasi ya boti kugeuka, kwa hiyo Fundi Salumu aliunda winchi kwa injini ya pikipiki, dramu la chuma na mkanda wa mpira, akaifunga kwa minyororo kwenye gogo la mninga. Mimi ndiye niliyeiendesha.

Fundi Salumu alinijua tangu Mbekenyera, nilikoendesha mashine ya kusaga nafaka kwa miaka kumi na mmoja. Wanawake wote waliingia upande wa debe. Mimi niliingia upande wa injini, na kwa mwaka wa kwanza watu walikuja na kilo mbili za mahindi ili tu kuangalia. Mwezi wangu wa kwanza mteja alileta mahindi yasiyokauka. Mkanda ukateleza, ukanuka. Nikaukaza. Ukateleza tena, nikaukaza mpaka ukawa unalia ukiguswa. Shafti ikakatika. Fundi Salumu alikuja kwa baiskeli, akaangalia, akawasha sigara.

"Mama Beno," akasema, "nkanda ukiteleza unakupigia hodi. Wewe umeufungia mlango."

"Si ulikuwa unateleza, Fundi?"

"Ndiyo kazi yake. Kila mashine ina kitu kimoja kimewekwa kiwe dhaifu. Kitafute hicho kabla hujashika spana. Ukikipa nguvu, kitavunjika chenye bei."

Hilo ni somo zima la ufundi. Mengine niliyosoma baadaye kwenye vitabu, kwa kamusi na taa, yalikuwa maelezo ya hilo. Mlishike, kwa sababu nilifanya kazi miaka tisa chini ya mtu ambaye hakulishika.

Turudi asubuhi ile ya kwanza. Gaudensi alikuwa ametoka Dar wiki moja kabla, na cheti cha hoteli na miwani miwili ya jua. Fundi Salumu alimwambia achuchumae majini, magoti yaguse kifua, asubiri kamba imnyanyue yenyewe.

"Nimeangalia video, Mzee," Gaudensi akajibu.

"Video hazilowi, Bosi."

"Wewe Mama, vuta!"

Nikavuta. Alisimama kabla ya ubao kupanda, ubao ukachimba maji, na mengine nimekwisha kuyasema. Akina mama watatu waliokuwa wakifua ng'ambo waliacha nguo. Mmoja akapaza sauti: "Meneja! Umemwona kambale?" Miwani moja haijapatikana hadi leo. Nilifurahi kidogo, na ninakiri, kwa sababu siku hiyo ndipo nilipojua kwamba mwajiri wangu mpya angekuwa akijibu ushauri kwa habari za video.

Sasa vifaa, maana winchi haisamehe. Glavu ya ngozi mkono wa kushoto, mkono wa kulia mtupu kwenye klachi, kwa sababu klachi unaisikiliza kwa vidole. Kitambaa chekundu kwa anayesimama upande wa pili. Akikishusha, unaachia, huulizi. Usikanyage kamba hata ikiwa imelala. Ziba masikio yote mawili. Mimi nilikuwa naziba la kulia tu ili nisikie mtu akiita kwa la kushoto, na leo la kushoto halisikii hata adhana. Ndiyo sababu nimestaafu kabla ya wakati. Msije mkaambiwa ni uzee.

Halafu mapezi. Ndani ya boksi la zile mbao kulikuwa na kijitabu cha Kiingereza ambacho hakuna aliyekigusa, kwa hiyo nilikichukua nyumbani. Nilitumia siku kumi na mbili kukisoma. Mapezi ni vipande vidogo vya plastiki, urefu kama kidole gumba, vinavyofungwa chini ya ubao kwa skrubu mbili mbili, viwili mbele na viwili nyuma. Vinakata maji na kuuzuia ubao usichepuke. Ubao wenye mapezi unakwenda mbele hata mpandaji akiwa mjinga. Ubao usio na mapezi unateleza kama kipande cha sabuni sakafuni. Ukitaka uende unakotaka, lazima uulaze ubavu na kukata maji kwa ukingo wake, na kila kosa unalofanya linaonekana. Kijitabu kilisema: yafunge maji yakiwa na kina na mpandaji akiwa mgeni, yafungue maji yakiwa machache, au mpandaji akishajua anachofanya. Nusu ukurasa. Niliitafsiri, nikaibandika kwenye mlango wa stoo. Gaudensi alitundika koti lake juu yake.

Mwaka wa kwanza aliona kwenye simu kwamba mabingwa wanapanda bila mapezi. Akaamuru mapezi yote yafunguliwe. Wageni wetu walikuwa walimu, makarani, wafanyabiashara waliotoka mnadani. Watu wa heshima, wazito, hawajawahi kusimama juu ya kitu kinachosogea. Mwezi mzima walidondoka kama mabibo. Fundi Salumu alimuuliza mabingwa wa kwenye simu walianza wiki iliyopita au vipi. Mwaka wa pili Gaudensi akabadilika: hakuna ubao kuingia majini bila mapezi, mvua wala kiangazi. Alikuwa na sababu, na aliitoa mbele ya wafanyakazi wote kwenye kikao cha asubuhi.

"Mmeona wapi samaki asiye na pezi?"

"Kambale analo," akasema Fundi Salumu, "na maisha yake yote ni tope."

Kwa hiyo ubao mpya, mwekundu, ulikuwa na mapezi manne daima, ni wa wageni. Ubao wa pili ulikuwa umechakaa, mapezi yake yamepotea, matundu ya skrubu tumeyaziba kwa nta ya nyuki. Gaudensi aliuita ubao wa vibarua. Hakujua kwamba kibarua mmoja alikuwa ameuchukua kwa uzito.

Issa alitoka Malolo. Alikuja kwetu kufyeka nyasi, mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana, kifua kinachokoroma. Misimu minane alikuwa amepulizia salfa kwenye mikorosho ya watu, mashine mgongoni, kitambaa cha khanga puani badala ya barakoa. Mwenye kubeba mashine ile inayotetemeka kutwa nzima kwenye mchanga, akizunguka mti kinyumenyume huku akiangalia juu, anajua kusimama. Mara ya kwanza nilipomvuta, jioni baada ya kazi, alisimama jaribio la pili. Jaribio la nne aliulaza ubao ubavu, akakata kwenda kushoto, akarudi. Juu ya ubao usio na pezi hata moja.

"Nani kakufundisha?" nikamuuliza.

"Mama, hii si kama kuzunguka mkorosho? Ukiegemea nusunusu unaanguka. Uegemee kabisa."

Kwa misimu miwili alipanda kila jioni niliyokuwa na petroli ya kumvutia. Nilikuwa naweka alama: maji kiasi gani, upepo wa wapi, ameangukia wapi na kwa nini. Aliujua mkao wa kila kisiki kama mtu anavyojua samani za nyumbani kwake gizani.

Mwaka wa tatu hospitali ilimwambia Issa jambo ambalo sote tulikuwa tunalisikia akipumua. Msimu mwingine wa salfa asiuingie. Daktari hakumwambia ale nini badala yake. Si kazi ya daktari. Ana mke na watoto watatu, na ufyekaji wa nyasi kwetu ulikuwa wa masika tu. Wiki hiyohiyo wakandarasi fulani wa mgodini upande wa Ruangwa wakaandika barua: wangependa kuwaleta wafanyakazi wao kila baada ya wiki mbili, mwaka mzima, kwa sharti moja. Pawe na mkufunzi mmoja wa kudumu, ambaye mkuu wao wa usalama amemwona kwa macho yake akifanya kazi. Nafasi ilikuwa moja. Gaudensi alikuwa na mpwa wake Dar, sifa yake ikiwa ni kwamba amekulia karibu na bahari. Tulimsumbua, mimi na Fundi Salumu, mpaka akakubali Issa aonekane kwanza. Akishindwa, mpwa apande basi.

Siku ilipangwa Jumamosi moja ya Oktoba. Mtu mwenye akili angepanga Aprili, lakini tarehe aliipanga Gaudensi.

Wiki mbili kabla ya siku hiyo mgeni mmoja alipita na ubao mwekundu juu ya kisiki. Mapezi mawili ya plastiki yakakatika. Mgeni alitikisika, akacheka, akamalizia safari. Nilikagua ubao: chini safi, hakuna ufa. Nikamwandikia Gaudensi kwamba mapezi yamefanya kazi yake, mapya yaagizwe, na kwa sasa ubao utumike bila mapezi mpaka mvua zirudi.

Aliniita ofisini. Fundi Salumu alikuwepo, amekuja kudai grisi.

"Mama Beno, kitu kimevunjika unasema kimefanya kazi?"

"Ndiyo, Meneja. Kimevunjika chenyewe, ubao umebaki."

"Hayo ni mawazo ya kimaskini. Tatizo ni plastiki. Tuko nchi gani hii? Mpingo umejaa hapa! Mpingo hauvunjiki."

Ni lazima nieleze ugonjwa huu kwa vijana waliotoka mikoa mingine. Huku kwetu mpingo si mti, ni jibu. Mpini umekatika? Mpingo. Bawaba? Mpingo. Mtu akipoteza jino atashauriwa kwa dhati achonge la mpingo. Ni mti mzuri, mgumu, mzito hata unazama majini, na watu wetu wana haki ya kujivunia. Lakini kujivunia ugumu ni kitu kimoja na kujua ugumu uwekwe wapi ni kitu kingine, na hicho cha pili sijawahi kukiona kikifundishwa kwenye vyuo vya hoteli.

"Bosi," akasema Fundi Salumu, "pezi likigoma kuvunjika, nini kitavunjika?"

"Hakuna kitakachovunjika! Ndiyo maana ya mpingo!"

Fundi akaniangalia. Akachukua grisi yake, akatoka.

Mchongaji alikuwa Lukas wa Nachingwea, Mmakonde, mtu wa mikono ya ajabu. Nilipeleka mimi pezi la plastiki kama sampuli, Gaudensi akiwa kwenye simu, spika imefunguliwa. Lukas aliligeuza, akalipima kwa ukucha.

"Kitu hiki kinafanya kazi gani?"

Katika shughuli nzima hilo ndilo lilikuwa swali pekee la maana lililotoka kwa mtu asiye fundi wetu. Gaudensi akajibu kupitia simu: "Wewe chonga tu. Makubwa kidogo, yaonekane. Wageni wapige picha."

Yalikuja manne, meusi, yamepigwa msasa na kung'arishwa kwa kiwi ya viatu, urefu mara mbili ya yale ya plastiki, na kwenye kila moja jani dogo la mkorosho limechongwa. Sijawahi kushika kitu kizuri zaidi kisichofaa. Lukas hana lawama. Aliuliza, akanyimwa jibu.

Ijumaa jioni Issa alikuja stoo. Alikuwa ameyaona.

"Mama, kesho naomba nipande ule mkuukuu."

"Meneja amesema mwekundu, na mapezi haya."

"Maji yameshuka mpaka kwenye alama ya kisiki cha tatu. Na haya marefu hivi? Nitakuwa nalima."

"Nitamwambia."

Nilimwambia. Gaudensi alisema wageni wakuu hawawezi kuonyeshwa gome la vibarua, na kwamba kama kijana anaogopa, mpwa wake haogopi. Issa aliposikia hilo alikubali. Alikuwa anahitaji kazi ile kuliko sisi wote tulivyohitaji kuwa sahihi. Nikachukua bisibisi. Skrubu nane, nilizikaza mimi mwenyewe, moja moja, kwa nguvu inayotakiwa. Nilijua, na nilikaza. Kwa hiyo dharau ninayoandika hapa msidhani inaishia kwa Gaudensi; ipo inayobaki kwangu, na nimeipima.

Nilichofanya kingine ni kidogo. Alfajiri, kabla mtu hajafika, nililegeza mkanda wa winchi kwa mzunguko mmoja na nusu wa nati.

Saa nne walifika watu watano. Kiongozi wao aliitwa Bi Neema, mkuu wa usalama, mwanamke mfupi, buti za kazi, hakuketi kwenye kiti alichowekewa. Gaudensi alitoa hotuba kuhusu ubunifu wa ndani na kuupitisha ubao mwekundu mkono kwa mkono ili mapezi yapigwe picha. Bi Neema aliligonga moja kwa kucha.

"Hili ni gumu sana."

"Halivunjiki!" akasema Gaudensi, kwa furaha.

Bi Neema alikuwa tayari anaangalia maji.

Issa alisimama vizuri. Mita hamsini za kwanza mapezi yale yalimburuta kwenye mstari mmoja kama toroli kwenye reli. Alijaribu kukata kushoto kukwepa eneo la visiki, ubao ukakataa, ukarudi katikati. Kitambaa chekundu kikashuka. Nilianza kuachia klachi, lakini kamba ina mwendo wake. Pezi likagonga kisiki, ubao ukasimama. Issa akaendelea. Mguu wa kushoto ulichomoka kwenye kiatu cha ubao, wa kulia ukachelewa, na kwa nusu ya pumzi kamba, ubao na goti la Issa vilikuwa vinavutana. Mkanda ukateleza. Ulitoa moshi na harufu ileile ya Mbekenyera, na kamba ikalegea.

Fundi Salumu aliingia majini na nguo zake. Maji yalimfika kiunoni tu. Hayo ndiyo maji ambayo Gaudensi alitaka tufanyie maonyesho. Alimtoa Issa akimshika kwapani, Issa akikohoa na kuchechemea. Halafu akarudi kuchukua ubao. Ulikuja na tundu chini, kubwa kama sahani, sponji ya ndani imetoka. Pezi halikuwepo kwenye ubao. Lilikuwa limebaki kwenye kisiki, zima, linang'aa, na kile kipande cha tumbo la ubao kimeling'ang'ania. Halikuwa na mkwaruzo. Jani la mkorosho lilisomeka vizuri kabisa.

"Halikuvunjika," Fundi Salumu akamwambia Gaudensi, akampa mkononi.

Nililifunga goti la Issa kwa khanga yangu. Lilikuwa linavimba. Nikamwambia basi, yatosha, tutawaomba siku nyingine.

"Siku nyingine ipo, Mama?" akauliza kwa sauti ya chini. "Mpwa si atakuwa amefika?"

Gaudensi alikuwa ameanza kuwaeleza wageni kuhusu chakula cha mchana. Bi Neema alimpita, akaja mpaka tulipo, akachuchumaa mbele ya Issa.

"Ungekuwa wewe unaamua, ungepandaje leo?"

"Upande huu, bila pezi hata moja, ule ubao mkuukuu. Unapita juu ya kisiki kama nyoka, hauachi hata alama."

"Mbona hukuupanda?"

Issa akaangalia goti lake. Nikajibu mimi: "Aliuomba jana. Alikataliwa."

"Sawa. Kupanda sikuja kuangalia," akasema Bi Neema, na kuanza kufungua buti zake. "Nimekuja kuangalia kufundisha. Nifundishe mimi. Kuogelea najua, kitu hiki sijawahi kukigusa."

Hapo ndipo nilipoona kwamba misimu miwili ya petroli yangu haikupotea. Kila mtu pale alitarajia Issa amletee ubao mkuukuu kama alivyosema. Aliagiza uletwe, ndiyo. Halafu akaniomba msumari, akachokonoa nta kwenye matundu ya nyuma, akaagiza mapezi mawili ya plastiki yaliyosalia, akayafunga.

"Si umesema bila mapezi?" Gaudensi akadakia. "Mnaona? Hajui anachotaka!"

"Huyu ni mgeni, Meneja," Issa akasema bila kuinua kichwa. "Mgeni anahitaji kitu cha kumshika. Na hatumpeleki kwenye visiki. Mama, tuhamishe kamba, tuvutie kwenye tuta la bwawa. Kule kina kipo."

Tulihamisha kamba pamoja na winchi. Ilichukua dakika ishirini na tano. Dereva wa wageni alisaidia kubeba. Nilirudisha mkanda kwa nusu mzunguko wa nati. Issa alikaa kwenye jiwe ukingoni, mguu umenyooka, akamfundisha Bi Neema kwa maneno matupu. Chuchumaa. Mikono mirefu. Usivutane na kamba, haikujui. Ngoja. Ngoja. Mara ya kwanza akaanguka mbele. Mara ya pili akaanguka nyuma, akatoka maji puani, akacheka. Kabla ya mara ya tatu Issa alimwambia atazame mkorosho ulio juu ya tuta, asitazame miguu, miguu iko palepale. Akasimama. Akaenda mita sitini hivi, magoti yamekunjwa kama mtu anayekaa kwenye kigoda kisichokuwepo, wenzake wakipiga kelele kwenye ukingo: "Mama Usalama! Mama Usalama huyooo!"

Alipotoka alimuuliza Issa jambo moja tu: lini angemfungulia mapezi yale.

"Ukianza kuyachukia," Issa akajibu.

Barua ya wakandarasi ilifika Jumatano. Watakuja, na mkufunzi awe Issa kwa jina. Ningependa kuwaambia kwamba mambo yaliishia hapo. Lakini Gaudensi alikuwa ameshaandika taarifa yake kwa tajiri siku ya Jumapili. Nakala niliiona mezani, nikaisoma, na sioni aibu. Ilisema ubao mwekundu umeharibika kwa sababu ya mkondo mkali wa maji na uzembe wa kibarua. Mkondo mkali, kwenye bwawa ambalo hakuna mto unaoingia wala unaotoka. Ikapendekeza kibarua huyo aondolewe, wakandarasi waelezwe kwamba amejiuzulu, na nafasi ijazwe na kijana mwenye uzoefu wa bahari.

Alhamisi tajiri alipiga simu. Hakumpigia Gaudensi, alinipigia mimi, kwa kuwa mwenye mashine ndiye mimi. Nilikuwa kwenye winchi, nikazima injini, nikaweka simu kwenye sikio zima.

"Mama Beno, nani kavunja ubao wangu?"

"Mapezi ya mpingo, Tajiri. Meneja aliyaagiza. Issa aliomba asiyapande. Skrubu nilikaza mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Zote nane. Nilijua hayafai na nilikaza. Ukimwondoa Issa, utakuwa umemwondoa mtu pekee aliyekataa."

Nilisikia magari ya Dar nyuma yake.

"Huyo Issa yuko wapi sasa?"

"Yuko kwenye tuta. Anawafundisha walimu wawili, bila malipo, goti likiwa limefungwa."

"Mwache hapohapo. Gaudensi nitaongea naye." Akakohoa. "Haya, nipe hesabu. Si ile ya taarifa. Ya kwako."

Nilikuwa nayo kichwani tangu Jumamosi. Nikamsomea pole pole, naye akarudia kila tarakimu kama mtu anayeandika. Ubao mwekundu, milioni moja na laki sita na elfu hamsini. Mapezi ya Lukas, elfu arobaini, na yalistahili. Goti la Issa hospitalini, elfu thelathini na tano. Toa elfu sitini na nne, ambazo tungezitumia kwa vyovyote kuagiza mapezi ya plastiki siku ile nilipoandika. Hasara halisi, Tajiri: shilingi milioni moja, laki sita na elfu sitini na moja.